Vampaya akiingia dirishani ni mapenzi, jirani akiingia ni kesi: tunahakikije riwaya hizi?

taa_ya_kitandani (mwanzisha uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Nina jambo limenikaa kooni tangu juzi, naomba nilitapike hapa kwa wasomaji wenzangu wa riwaya za mapenzi.

Mimi husoma vitabu viwili kwa mpigo, kimoja cha usiku na kimoja cha mchana. Cha usiku huwa cha majini, vampaya, watu wanaogeuka mbwamwitu, mizuka iliyokufa na kinyongo. Cha mchana huwa cha watu kama mimi na wewe: wana kazi, wana madeni, wana mama anayepiga simu wakati mbaya. Wiki iliyopita nilimaliza vyote viwili siku moja, nikaandika tahakiki zote mbili bila kunyanyuka kitini.

Cha usiku: vampaya wa miaka mia tatu anampenda binti anayetunza maktaba. Sura ya tisa anaingia chumbani kwa binti kupitia dirishani, anasimama kando ya pazia, anamtazama akilala mpaka alfajiri. Binti hana habari. Nikaandika: "Ulinzi wa kimyakimya, unasisimua." Nyota nne.

Cha mchana: kijana wa idara ya hesabu anampenda mwenzake wa kazini. Sura ya sita anaichukua anwani yake kwenye faili la ofisi, anakwenda kukaa ndani ya gari ng'ambo ya barabara mpaka taa ya chumbani izimwe. Nikaandika: "Huyu ni mtu wa kuripotiwa, si wa kupendwa." Nyota mbili.

Kabla jua halijazama, msomaji mmoja akaniachia sentensi moja chini ya ile ya pili: "Kwa hiyo kosa la huyu kijana ni kukosa meno?"

Siku tatu sijamjibu. Kila nikianza kuandika jibu naona najitetea. Maana ukweli ni kwamba yule wa kwanza aliingia ndani kabisa. Huyu wa pili hakuvuka hata barabara.

Sasa nauliza: tunapohakiki, mizani iwe moja au mbili?

mkia_wa_chui

"Kosa lake ni kukosa meno." 😂😂 Huyo mtu apewe nyota tano yeye mwenyewe.

bahari_shwari

Dada taa, mimi nitakuwa mpinzani wako, usinichukie.

Mizani ni mbili, na ni haki ziwe mbili. Anayefungua kitabu cha vampaya ameshakubali mchezo. Anajua hatakutana na vampaya kwenye ngazi za nyumbani kwake. Ile hatari ni ya kuchezea, kama mtoto anayerushwa juu na baba yake: anapiga kelele za woga na papo hapo anadai "tena!" Anajua atadakwa. Kijana wa idara ya hesabu hana mchezo ndani yake, kwa sababu watu wa namna ile wapo na wengi wetu tumeshawahi kuzima taa mapema kwa ajili yao.

Kwa hiyo hukukosea. Umesoma cha usiku kama ndoto na cha mchana kama taarifa. Ndivyo vilivyoandikwa.

Ninachokataa ni wahakiki wanaokuja kwenye mapenzi ya kimiujiza na tochi ya polisi. Kila busu wanataka lisainiwe.

taa_ya_kitandani

@bahari_shwari siwezi kukuchukia, hoja yako ndiyo niliyotaka kumjibu nayo yule mtu. Nikaiandika, nikaisoma, nikaifuta. Kilichonifanya niifute ni neno langu mwenyewe, "ulinzi". Ningeandika "hatari tamu" ningekuwa nimesema kweli. Ila mimi nilimwambia msomaji kwamba lile ni jambo la kujali. Mchezo nimeuacha, nimehamia kwenye ushauri wa ndoa.

karani_wa_zamani

Salaam kwenu nyote. Nimechelewa ila naomba nafasi, maana hili la dirishani lina ukoo mrefu.

Mnakumbuka vampaya hawezi kuingia nyumba ya mtu bila kualikwa? Hiyo si nakshi tu. Katika Dracula ya Bram Stoker, 1897, imetamkwa waziwazi: mara ya kwanza lazima mtu wa nyumba ile amkaribishe, na baada ya hapo anaingia apendavyo. Lisomeni tena hilo la mwisho. Ruhusa ya siku moja imekuwa ruhusa ya milele! Kwa wasomaji wa wakati ule hiyo ilikuwa sehemu ya kutisha, na kwangu bado ndiyo inayotisha kuliko meno. Miaka 25 nyuma yake, kwenye Carmilla ya Sheridan Le Fanu, ni hivyohivyo. Mgeni haji kuvunja mlango. Gari la farasi linapata ajali, baba mwenye nyumba kwa huruma yake anasema mwacheni binti huyu akae kwetu. Mlango umefunguliwa kwa adabu zote.

Sasa rukeni mpaka 2001, Charlaine Harris anaanza mfululizo wake wa Sookie Stackhouse. Humo mwenye nyumba anaweza kuufuta mwaliko. Akitamka kwamba ameufuta, vampaya atake asitake anatoka. Kanuni ileile ya kizingiti, lakini ufunguo umerudi mkononi mwa mwanamke. Mtu asiniambie hiki ni kitabu cha kupotezea muda tu kisicho na fikra ndani yake.

Na miaka minne baadaye, Twilight ya Stephenie Meyer (2005): vampaya Edward anaingia chumbani kwa Bella, binti anayempenda, usiku kumtazama akilala, naye hajui mpaka anapokuja kuambiwa. Hapo ndipo wengi wetu tulipozoea pazia na dirisha.

Kwa hiyo swali langu kwa dada taa si kama mizani ni moja au mbili. Nauliza hivi: katika kitabu chako, yule vampaya alialikwa?

taa_ya_kitandani

Mzee wangu karani, hapo umenikamata. Sikumbuki. Kitabu nimekiazimisha kwa dada yangu. Nitakifuata.

nusu_ukurasa

Wakati dada anafuata kitabu, mimi niseme la upande wa mchana, maana naona mapenzi ya kimiujiza yamechukua kiti chote.

Riwaya za maisha ya leo zina miujiza mingi kuliko za majini, ila haihesabiwi kwa sababu hakuna anayeota mkia. Kitabu nilichokitupa mwezi jana: wapenzi wanaachana sura ya kumi na moja kwa sababu mwanamume amemwona mwanamke akikumbatiwa na mtu mwingine. Ni kaka yake. Kurasa mia na arobaini wanalia, kila mmoja na mto wake. Wote wana simu! Simu zenyewe zimetajwa, zina chaji, wanazitumia kutazama picha za zamani za mwenzao. Neno moja tu, "yule ni nani?", na kitabu kimekwisha. Niambieni jini gani anayefunga watu midomo namna ile.

Halafu kazi. Mhusika ni muuguzi wa zamu ya usiku. Tumeambiwa ukurasa wa tatu. Baada ya hapo hajawahi kuwa na usingizi, hajawahi kuumwa miguu, mikono yake inanukia waridi. Mimi dada zangu wawili ni wauguzi. Mtu akitoka zamu anaweza kukaa kitandani na kiatu kimoja mguuni, kingine mkononi, anatazama ukuta dakika kumi. Mwandishi angenipa kiatu kile kimoja tu ningemwamini kwa kila kitu kingine, hata kwa yule bosi tajiri.

mkia_wa_chui

@nusu_ukurasa hata mimi nataka vampaya mwenye kiatu kimoja mkononi.

bahari_shwari

Hilo la simu ni kweli, na linanisaidia kwenye hoja yangu. Angalia mapenzi ya kimiujiza yanavyolitatua. Wapenzi wawili wasielewane kwa kurasa mia tatu bila msomaji kukasirika, unahitaji kizuizi ambacho ujumbe wa simu hauwezi kukivunja. Laana inaweza. Ukoo wa mbwamwitu unaokataza kuoa nje unaweza. Njaa ya damu inaweza: anampenda na anamtamani kama chakula, wala hilo huwezi kulisuluhisha kwa "tukae tuzungumze".

Na usomaji mawazo je? Waandishi wawili hao hao wa karani wameuchezea kwa kuugeuza. Sookie anasikia mawazo ya watu wote, kazini kwake ni kelele tupu, mpaka anapoingia Bill, vampaya, na kichwa kinatulia. Kimya ndicho kilichompendeza. Kwa Meyer ni kinyume: Edward ndiye anayesikia kila mtu, isipokuwa Bella. Kwa mmoja kimya ni pumziko, kwa mwingine kimya ni fumbo linalomkosesha raha. Kuna riwaya gani ya maisha ya leo inaweza kunipa picha ya haraka hivyo ya kwa nini tunampenda huyu na si yule?

nusu_ukurasa

Nakubali kwa shingo upande. Lakini usinipe laana ya kukwepa kazi. "Wenza wa kuandikiwa" ndio unaoniudhi: wanatazamana, anasikia harufu yake, tayari, ndiye. Mwandishi amejiondolea kazi yote ya kunionyesha wanapendana kwa lipi. Mimi napenda moto wa pumba, unaofuka mpaka unashtuka nyumba yote inaungua.

bahari_shwari

Wenza wa kuandikiwa wakiandikwa vizuri, swali linahamia kwingine: nifanye nini na mtu niliyepangiwa ambaye simpendi? Tatizo ni wengi hawaliulizi.

kurasa_za_mwisho

Mimi jina langu linajieleza, nasoma mwisho kwanza, mnisamehe. 🙈

Chama cha waandishi wa riwaya za mapenzi cha Marekani, Romance Writers of America, kiliweka vigezo viwili tu ili kitabu kiitwe riwaya ya mapenzi: hadithi ya mapenzi iwe ndio moyo wa kitabu, na mwisho uridhishe na uwe wa matumaini. Kwa hiyo ukisema kwenye tahakiki "mwishoni wanapatana" hujamwaga mtama wowote. Mtama ni namna walivyopatana, na nani alilipa.

Sasa hapo kwenye kulipa ndipo ninapowapima vampaya. Kuna deni la umri. Yeye hazeeki, mpenzi wake anazeeka. Nimesoma za kutosha kuona kwamba njia ni tatu: binti anageuzwa, au vampaya anarudi kuwa mtu, au mwandishi anafunga kitabu haraka kabla hatujauliza. Ya tatu ndiyo iliyojaa tele. Naichukia. Ukurasa wa mwisho wako ufukweni wanashikana mikono, na mimi nabaki nahesabu: ana ishirini na sita, bado miaka kumi watu wadhani ni dada yake, bado ishirini wadhani ni mama yake.

Mtu akigeuzwa nataka nione anachokiacha. Jua, mama yake, watoto ambao hatawazaa. Si lazima alie. Ila mwandishi akimgeuza kama anayembadilishia nguo, mimi nyota mbili, hata kama busu lilikuwa la kuunguza karatasi.

mgeni_mlangoni

Habari wakubwa. Mimi ni mpya, nasoma sana ila sijawahi kuandika tahakiki. Kuna mwandishi amenitumia nakala ya bure kabla kitabu hakijatoka. Ni cha maisha ya leo, lakini kuna bibi aliyekufa ambaye mjukuu anaendelea kumsikia jikoni. Sijui ni cha mzuka au si cha mzuka. Pia sijakipenda sana. Nifanyeje?

karani_wa_zamani

Karibu sana, mwanangu. Jina lako limekuja kwenye uzi wake hasa, ingia, umealikwa.

Kuhusu bibi wa jikoni: usiharakishe kumpa kabila. Kuna vitabu vinavyokuahidi mzimu na mwishowe vinakuonyesha mkono wa binadamu. Mzimu wa Watu wa Kale ya Muhammed Said Abdulla, 1960, ndivyo ilivyo. Mauti yako mzimuni, watu wameshaamini lao, na mpelelezi Bwana Msa anakuja na kiko chake anafumbua kwa akili tupu. Si ya mapenzi, ila inafundisha kwamba ajabu kwenye kitabu ni ahadi, na mwandishi ana haki ya kuilipa kwa njia yoyote alimradi ailipe. Vingine havilipi kwa makusudi, vinakuacha kwenye shaka mpaka mwisho: bibi yupo, au mjukuu ana huzuni? Kama shaka hiyo ilikunyima usingizi, mwandishi ameweza. Kama uliona tu kwamba amesahau kuamua, liseme hilo.

nusu_ukurasa

Na la nakala ya bure: lisemwe mstari wa kwanza. "Nakala hii nilipewa na mwandishi." Basi. Marekani tume yao ya biashara, FTC, iliingiza hata wanablogu kwenye mwongozo wa kutangaza zawadi za namna hiyo tangu 2009. Lakini hata pasipo na tume, msomaji akija kujua baadaye hatakuamini tena, hata siku utakaposifu kweli.

Kutokipenda si dhambi. Ila usiandike "kinachosha". Kinachosha wapi? Niambie ukurasa uliofunga kitabu ukaenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vichafu.

mgeni_mlangoni

😂 Ni sura ya nne. Kurasa kumi na mbili za kuelezea pazia jipya.

nusu_ukurasa

Tahakiki yako ndiyo hiyo, umeshaanza.

taa_ya_kitandani

Nimerudi. Kitabu ninacho mkononi, nimemnyang'anya dada yangu akiwa sura ya saba, amenuna.

Wakuu, aibu tupu.

Sura ya tatu, vampaya anasimama nje ya maktaba kwenye mvua. Mlango uko wazi, taa zinawaka, yeye amelowa chapachapa haingii. Anasubiri mpaka binti anamwambia, "Pita basi, vitabu vinapata unyevu." Mwandishi ametumia ukurasa na nusu kunieleza kwa nini: nyumba ya mtu ni mwili wa mtu, kila nyumba ina idhini yake, ukiwa umealikwa kwa jirani hujaalikwa kwangu. Nimeupigia mstari mimi mwenyewe, kwa penseli. Pembeni nimeandika "nzuri!!"

Sura ya tisa, chumbani. Nimesoma mara mbili. Hajaalikwa. Binti hajawahi kumwambia hata anakoishi. Dirisha limefungwa kwa komeo, komeo "linalegea lenyewe kwa heshima yake". Kwa heshima yake! Mwandishi alivunja sheria aliyoiandika yeye mwenyewe kurasa tisini nyuma, na mimi sikuona, kwa sababu nilikuwa naangalia mbalamwezi kwenye mashavu ya vampaya.

Kwa hiyo @bahari_shwari, nimeacha kabisa tochi ya polisi. Nimekipima kwa sheria zake chenyewe na bado kimeanguka.

Halafu nikarudi kwa kijana wa idara ya hesabu, maana nilishaanza kujishuku. Sura ya saba, ambayo nakiri niliipitia juujuu kwa hasira, inasimuliwa na yule mwanamke. Aliliona gari. Alizima taa makusudi, akakaa gizani nyuma ya pazia akilitazama, akaandika namba ya gari nyuma ya bahasha. Asubuhi yake akaiweka ile bahasha mezani kwa kijana mbele ya watu, bila kusema neno. Kitabu kilijua siku zote. Ni mimi niliyekuwa nimekikasirikia kabla hakijamaliza kusema. Na mapenzi yao yanaanza kurasa mia baadaye, polepole sana, yeye mwanamume akiwa ameomba ahamishwe idara. Moto wa pumba kabisa, @nusu_ukurasa, kitafute.

Nimebadilisha zote mbili. Cha mchana kimepanda hadi nne. Cha usiku kimeshuka hadi tatu, na "ulinzi wa kimyakimya" nimeifuta. Sasa inasomeka hivi:

"Sura ya tatu ilinifundisha kwamba kiumbe huyu hapiti mlango asioitwa, na nikampenda kwa sababu ya mvua ile. Sura ya tisa alipita. Hakuna aliyemwita, na kitabu hakikuonekana kushtuka. Mimi nilishtuka kwa kuchelewa."

Yule mtu wa meno nimemjibu: "Ndiyo. Samahani."

mkia_wa_chui

Dada taa, mtetee vampaya kidogo. Labda sheria ni ya mlango tu. Dirisha si mlango.

taa_ya_kitandani

Ukurasa wa 41, nanukuu penseli yangu ilipopita: "wala mlango, wala dirisha, wala ufa wa dari."

mkia_wa_chui

Basi akamatwe.